John Browning, fundi aliyeingiza bunduki mfukoni

Ukikaa Katindo, hauna lazima ya kuwa askari ili ujue risasi. Kambi iko jirani, barabara tunatumia ileile, na katika miaka yote hii ya vita watoto wetu wameokota maganda ya shaba njiani kama watoto wa kwingine wanavyookota vifuniko vya chupa. Geuza ganda moja utazame kitako chake. Mara nyingi utasoma namba: 9 mm, 7,65, na kwa bahati mbaya siku nyingine 6,35. Namba hizo hazikushuka toka mbinguni. Nyuma ya nyingi kati yake kuna mtu mmoja, fundi wa mlimani huko Marekani, aliyekufa karibu miaka 100 iliyopita ndani ya kiwanda cha Wabeleji.

Tunaleta habari yake leo juu ya maneno tunayoyasikia kwenye kartie. Usiku ukiwa mrefu na wezi wenye silaha wakipita, kuna papa mmoja au kijana mmoja anaanza kuwaza: nami nitafute bastola ndogo, ile ya kuficha chini ya shati. Halafu majadiliano yanaanza. Ndogo ya 6,35 wanasemaka ni ya kuchezea. 9 wanasemaka ndiyo ya wanaume. Kila mtu anakuwa mtaalamu. Basi wandugu, tumfuate yule ambaye alikaa na swali hilo maisha yake yote: risasi ya ukubwa gani ndani ya chuma cha ukubwa gani? Jina lake ni John Moses Browning.

Mtoto wa fundi

Alizaliwa mwezi wa kwanza 1855 huko Ogden, mji wa Utah, chini ya milima. Baba yake, mzee Jonathan Browning, alikuwa fundi wa bunduki na muumini wa dini ya Wamormoni. Alikuwa na wake watatu na watoto 22. Atelie yake ilikuwa imejaa vyuma vibovu, na humo ndimo John alikulia. Shule alisoma kidogo. Mikono ndiyo ilisoma zaidi. Akiwa na umri wa miaka 10 hivi alichukua mtutu uliotupwa na kipande cha mbao, akaunganisha bunduki yake ya kwanza pamoja na mdogo wake Matt.

Mwaka 1879 ulimletea mambo mengi kwa mara moja. Alimuoa Rachel Child, baba yake akafariki, na mwezi wa kumi akapata barua yake ya kwanza ya haki ya uvumbuzi, ile wanaita breve, kwa bunduki ya kupiga risasi moja moja. Yeye na wandugu zake walifungua atelie yao wakaanza kuitengeneza wenyewe. Mashine walikuwa nazo chache, na kazi ilikuwa ya jasho.

Mwaka 1883 mkubwa wa kampuni ya Winchester alisafiri toka mashariki ya Marekani mpaka Ogden, akanunua haki ya bunduki ile kwa dola 8.000. Toka hapo Browning alikuwa anavumbua, Winchester inanunua, na jina la kampuni ndilo linaonekana kwenye chuma. Karibu miaka 20 mambo yalienda vile. Watu waliokuwa wanawinda na bunduki zile hawakujua jina la fundi hata kidogo.

Majani yanayoinama

Inasimuliwa kwamba siku moja mwaka 1889, akiwa kwenye mashindano ya kulenga shabaha karibu na mto, aliona kitu ambacho wengine walikuwa wanakiona kila siku bila kukitazama. Kila bunduki ilipolia, majani marefu mbele ya mtutu yalikuwa yanainama kwa upepo wa baruti. Akajiuliza: nguvu ile inapotea bure, kwa nini isifanye kazi? Alirudi kwenye atelie na kuanza kutafuta namna bunduki ingejipakia yenyewe kwa nguvu ya risasi yake.

Toka wazo hilo zilizaliwa bunduki kubwa za mfululizo. Wazo lingine la karibu nalo lilizaa bastola za kujipakia. Bastola nyingi za wakati huo zilikuwa na silinda inayozunguka, nene katikati kama yai. Kuificha mfukoni haikuwa rahisi. Browning aliweka risasi ndani ya mshiko, zikipangwa moja juu ya nyingine kwenye kisanduku bapa, kile tunaita shajeri. Juu aliweka chuma kinachofunika mtutu. Risasi ikitoka, chuma kile kinarudi nyuma, kinatupa ganda, kinarudi mbele na kubeba risasi mpya. Bastola ikawa bapa kama kitabu cha sala. Bunduki iliingia mfukoni.

Njia ya Herstal

Mwaka 1889 huohuo, Wabeleji walianzisha kiwanda huko Herstal, jirani na mji wa Liège, ili kutengeneza bunduki 150.000 za Mauser kwa jeshi lao. Kiwanda kiliitwa Fabrique Nationale, ndiyo FN ambayo wazee wetu wanaijua. Kazi ile ya kwanza ilipokwisha, kiwanda kilianza kutafuta kazi nyingine, hata baiskeli. Mwaka 1897 mtu wa FN, Hart Berg, alikuwa Marekani kwa mambo ya baiskeli. Huko Hartford alikutana na Browning, na badala ya habari za baiskeli pekee alirudi Ubeleji na bastola. Mwezi wa saba mwaka huo waliwekeana mkataba.

Bastola hiyo ilihitaji risasi yake, na Browning aliichora mwenyewe: milimita 7,65. Hapa ndipo tunaanza kuelewa akili ya fundi huyu. Katika bastola ndogo ya namna ile, hakuna kufuli linaloshika mtutu risasi inapolipuka. Kinachozuia ni uzito wa chuma cha juu na springi peke yake. Ukiweka risasi kali sana, chuma kitarudi nyuma kwa haraka mno na bastola itaharibika au itamuumiza mwenye kuishika. Ukitaka risasi kali, uongeze uzito wa chuma au uweke kufuli, na hapo mfuko unakataa. Kwa hiyo risasi na chuma ni kama mzigo na pikipiki: huwezi kuchagua kimoja bila kuuliza kingine.

Kichwa cha 7,65 kina uzito wa gramu 4,6 hivi, na kinakwenda karibu mita 300 kwa sekunde. Kwa bastola ya gramu 600 na kidogo, Browning aliona ni kipimo cha kufaa. Jeshi la Ubeleji liliikubali mwaka 1900, na FN ikatengeneza zaidi ya 700.000 za namna hiyo. Kwa Kifaransa jina lake likawa jina la kitu chenyewe: mtu alisema browning kama vile sisi tunasemavyo jina la sabuni moja kwa sabuni zote.

Vipimo vinne

Baada ya hapo alitoa vipimo vingine, na kila kimoja kilikuwa jibu kwa swali tofauti.

Cha pili ni 6,35, kwa bastola ya mfuko wa kizibao iliyotoka Herstal mwaka 1906. Ilikuwa na urefu wa sentimita 11 na nusu hivi, na uzito chini ya gramu 400. Risasi ndogo za .22 za wakati ule ziliwashwa kwenye ukingo wa kitako, na mara nyingine zilikataa kulia. Browning alichora risasi dogo lenye kiwashio katikati ili lisimsaliti mwenyewe. Nguvu haikuzidi: kichwa cha gramu 3 na kidogo, mwendo wa polepole kuliko zote. Alichokinunua fundi kwa upungufu ule ni udogo na uhakika.

Cha tatu ni 9 fupi, ile wanaita 9 court, ambayo kampuni ya Colt iliitoa Marekani mwaka 1908. Browning alichora kwa FN bastola ya modeli ya 1910 iliyoweza kupiga 7,65 au 9 fupi kwa kubadilisha mtutu tu. Zilikuwa risasi 7 za kipimo kidogo au 6 za kikubwa, ndani ya chuma kilekile cha kufichika. Tena aliwekea bastola hiyo usalama wa namna tatu: kitufe cha kidole, kibao cha mshiko, na kizuizi kinachokataza isilie kama shajeri imetolewa. Shikilia jambo hili la tatu, tutalirudia.

Cha nne ni kikubwa: .45, yaani milimita 11 na nusu hivi. Askari wa Marekani waliokuwa wanapigana Ufilipino walilalamika kwamba bastola zao za .38 hazisimamishi mtu anayewakimbilia. Mwaka 1904 jeshi lao lilipima risasi mbalimbali juu ya maiti na ng'ombe, kazi isiyopendeza kusimulia, na likaamua kwamba kipimo kisipungue .45. Browning aliunda bastola ya kufuli yenye uzito wa zaidi ya kilo moja. Katika majaribio ya mwisho ilipiga risasi 6.000 bila kukwama hata mara moja. Ilikubaliwa mwezi wa tatu 1911. Lakini bastola hiyo hauifichi chini ya shati bila shati kusema.

Hivyo mwenye kuuliza 6,35 au 9 anauliza swali ambalo Browning mwenyewe hakulipa jibu moja. Alitoa majibu manne, na kila jibu lilipoteza kitu upande mmoja ili lipate kitu upande mwingine.

Risasi iliyofika ziwa Kivu

Mwanzo wa mwaka 1914, Herstal ilifanya sikukuu: bastola za Browning zilikuwa zimefika milioni moja. Mfalme Albert wa Ubeleji alimpa fundi nishani ya Leopold. Mtoto wa atelie ya Ogden, aliyeacha shule mapema, akawa mtu wa kuheshimiwa na mfalme yuleyule aliyetawala Kongo yetu.

Miezi michache baadaye, tarehe 28 mwezi wa sita, kijana mmoja wa miaka 19, Gavrilo Princip, alisimama kando ya barabara huko Sarajevo. Alikuwa na bastola ya FN, modeli ya 1910, ya 9 fupi, yenye namba 19074. Alipiga mara mbili. Mrithi wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, na mke wake Sophie walikufa wote wawili. Kwa muda mrefu vitabu vilikuwa vinasema ilikuwa bastola ya 7,65. Chuma chenyewe, ambacho sasa kiko kwenye makumbusho ya kijeshi huko Vienna, na namba yake, ndivyo vilinyoosha habari.

Sisi wa Goma hatuwezi kusoma habari hiyo kama ya watu wa mbali. Ndani ya wiki chache Ulaya yote ilikuwa vitani. Wajerumani waliingia Ubeleji, na Liège ikawa kati ya miji ya kwanza kushambuliwa, pamoja na Herstal yake. Huku kwetu, Wajerumani walikuwa Kisenyi na Wabeleji walikuwa upande huu. Mwezi wa tisa 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi. Mwaka 1916 Force Publique, chini ya jenerali Tombeur, ilivuka kwenda Rwanda, ikaingia Kigali mwezi wa tano na Tabora mwezi wa tisa. Waliobeba mizigo, chakula na masanduku ya risasi walikuwa babu zetu. Wengi hawakurudi: njaa, baridi, magonjwa na uchovu viliwamaliza njiani kuliko risasi.

Vita ile ilikuwa na sababu nyingi, na mataifa makubwa yalikuwa yamejitayarisha kwa muda mrefu. Lakini mlango ulifunguliwa na vichwa viwili vya risasi, kila kimoja gramu 6 hivi, vilivyotoka kwenye chuma kilichokaa ndani ya koti bila mtu kukiona. Ile ambayo kwenye kartie wanaitaka ya kuchezea ndiyo jamaa yake hiyo.

Mwisho wa fundi

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Browning alipeleka bunduki zake za mfululizo serikalini. Angeweza kudai malipo kwa kila bunduki na kupata mamilioni mengi. Alikubali dola 750.000 na kuacha. Mtoto wake Val alikwenda Ufaransa kama ofisa na kutumia bunduki ya baba yake uwanjani. Mtu anayetengeneza silaha alipeleka pia damu yake mbele ya silaha. Tunaweza kumhukumu au kumheshimu, lakini hakukaa kando.

Baada ya vita alirudi kwenye meza yake. Wafaransa walikuwa wanatafuta bastola ya kijeshi yenye risasi nyingi. Browning alianza kuchora, akisaidiana na fundi Mbeleji, Dieudonné Saive, aliyefikiria shajeri ya kupanga risasi kwa safu mbili. Safari hii risasi haikuwa ya Browning. Ilikuwa 9 ndefu ya Mjerumani Georg Luger, ya tangu mwaka 1902, yenye kichwa cha gramu 7 na nusu au 8, na mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde.

Tarehe 26 mwezi wa kumi na moja 1926, akiwa Herstal kazini, Browning alijisikia vibaya. Moyo ulisimama kwenye ofisi ya mtoto wake Val, ndani ya kiwanda. Alikuwa na miaka 71, na breve 128 kwa jina lake. Mwili ulivuka bahari kurudi Ogden. Breve ya bastola ile ya mwisho ilitoka mwezi wa pili 1927, mwenyewe akiwa kaburini. Saive aliimaliza, na mwaka 1935 ikatoka ikiwa na risasi 13 kwenye shajeri: ndiyo GP, Grande Puissance. Saive huyohuyo baadaye alichora FAL. Wazee waliotumika katika jeshi la zamani wanayajua majina yote mawili bila kufundishwa.

Alichotuachia

Sasa turudi Katindo, kwa yule papa anayewaza kutafuta bastola ya kuficha. Maisha ya Browning yanamwambia mambo matatu.

La kwanza ni la ukuta. Mwaka 1899, huko La Haye, mataifa yalikubaliana kutotumia vitani risasi zinazopanuka zikiingia mwilini. Juu ya hiyo, risasi ya kijeshi imefunikwa chuma mpaka pua, na haisimami upesi. Katika nchi nyingine polisi wanachagua risasi ya kupanuka kwa sababu hiyo: wanaogopa kile kilicho nyuma ya mtu. Huku kwetu nyumba nyingi ni za mbao, ukuta kwa ukuta na jirani. Risasi ya 9 inapita ubao bila kupiga hodi. Mwizi anakimbia, na mtoto wa jirani amelala upande wa pili. Hakuna kalibre inayojua nani ni mwizi.

La pili ni la chemba. Bastola ya kujipakia ina siri moja ambayo imeua watu wengi duniani: ukitoa shajeri, risasi moja inaweza kubaki ndani ya mtutu. Browning aliweka kizuizi kwenye modeli ya 1910 kwa sababu alijua jambo hilo. Lakini si kila bastola ina kizuizi hicho, na kilichopo kinaweza kuwa kimeharibika. Mtoto akiokota bastola, au risasi nzima ambayo haijalia, asiiguse, asiigonge kwa jiwe, asiitupe motoni. Akae mbali, aite mkubwa, mkubwa naye aite wenye kazi hiyo. Wafundisheni hilo kabla ya kuwafundisha majina ya bunduki.

La tatu ni la sheria na la namba. Toka tarehe 3 mwezi wa tisa 1985, sheria ya nchi yetu juu ya silaha na risasi inakataza raia kushika bunduki bila ruhusa. Mkataba uliotiwa sahihi Nairobi mwaka 2004, Kongo ikiwemo, unadai kila silaha iwe na alama. Bastola ya Sarajevo ilitambulikana kwa namba yake hata baada ya miaka 90. Ile inayouzwa gizani nayo ina namba, au ina alama ya mahali namba ilipokwaruzwa. Huwezi kujua imelia wapi kabla ya kufika kwako. Siku itakapokutwa chini ya shati lako, historia yake yote itakuwa yako.

Browning alikuwa fundi mwaminifu kwa chuma chake. Alipima gramu, springi na mwendo mpaka kitu kikatii. Jambo moja hakuweza kulipima kwenye atelie, nalo ni mkono utakaoingia mfukoni. Kipimo hicho kilibaki kwetu.